Nani Anamwibia Nyoka Joto?

Nilirudi nyumbani mchana kweupe, nikakuta sanduku la nyoka liko wazi.

Mfuniko uko sakafuni. Nyoka hayupo.

Na mkeka wake wa umeme, ule wa kumpashia joto, nao haupo.

Sasa nyoka kutoroka naelewa. Nyoka ni nyoka. Lakini jamani, nyoka gani anatoroka na kitanda chake?

Nikapanda juu ya kochi na viatu vyangu. Nikaanza kulia. Si kwa woga, hapana. Kwa hasira. Nilikuwa nimechoka na nyoka yule, nimechoka na baridi ya mji ule, nimechoka na mume wangu. Siku hiyo ndiyo ilikuwa imezidi.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Mimi ni msusi. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu, wale wanaopanda juu kabisa wakaonekana kama siafu. Nyoka ni wake. Mimi niliolewa nikamkuta, kama wenzangu wanavyoolewa wakakuta mtoto wa kufikia.

Ni chatu mdogo, wa ile aina inayojikunja ikawa kama mpira ikiogopa. Hana sumu, hana ugomvi na mtu. Mume wangu alimpa jina la Bosi. Na kweli alikuwa bosi, maana nyumba nzima tulikuwa watumishi wake.

Tulikoishi mwanzo, kule bondeni, Bosi hakuwa na shida. Kule joto ni la bure. Unaamka na jasho, unalala na jasho. Alikuwa na kimkeka kidogo cha umeme chini ya sanduku, tunakiwasha msimu wa mvua tu. Anakula panya wake, anajinyoosha, basi. Sikumpenda, lakini hakunisumbua.

Halafu mume wangu akahamishiwa milimani.

"Tunahama watatu," nikamwambia dada yangu kwenye simu. "Mimi, yeye na mama yake."

"Wanne," mume wangu akadakia kutoka chumbani. "Umemsahau Bosi."

Mama mkwe wangu ni mtu mkimya. Mwanawe ni mmoja tu, na mwanawe aliapa hawezi kumwacha nyuma. Basi mama akafunga mizigo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, na yeye hakusema. Ukimuuliza lolote, jibu ni moja: "Sina neno, mwanangu."

Yule nyoka, mama alikuwa akimwogopa kufa. Akipita sebuleni anageuza uso ukutani, mkono kifuani, midomo inanong'ona dua. Lakini hata siku moja hakusema mtoeni.

Tukafika milimani.

We! Ile baridi haina adabu. Maji ya bomba yanauma meno. Nguo zinakaa kwenye kamba hadi zinasahau zilifuliwa lini. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na chumba cha nyuma kimepakana na mlima, jua halikijui. Mama akasema, "Nipeni hicho cha nyuma. Nyinyi vijana mna vitu vingi."

Nikamuuliza kama hatasikia baridi.

"Sina neno, mwanangu."

Mume wangu akaweka sanduku la Bosi sebuleni, akawasha kile kimkeka cha zamani, akapanda gari la kazi, akaenda zake kwenye minara. Huko anakaa wiki, wakati mwingine zaidi. Mimi ndiye niliyebaki na nyoka.

Bosi akagoma kula.

Namwekea panya, anamtazama kama mgeni asiyealikwa, anageuka. Nabadilisha panya, yale yale. Akawa halali sehemu moja, mara kona hii, mara kona ile, halafu siku moja nikamsikia anapumua kwa mlio, kama mtu mwenye mafua.

Mume wangu akipiga simu, salamu yake ilikuwa hii:

"Bosi ana joto ngapi?"

Si "umeamkaje", si "umekula". Bosi ana joto ngapi.

"Sijui, mimi si daktari!"

"Mke wangu, huyo nyoka ukimpoteza sitakuelewa."

Nikameza mate. Nikamtia Bosi ndani ya foronya, nikafunga fundo kama mume wangu alivyonifundisha, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Kwenye benchi la kusubiri kulikuwa na mbuzi na mbwa wawili. Mama mmoja akaniuliza nimebeba nini kwenye foronya. Nikamwambia. Benchi lote likabaki langu.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye kusema polepole. Akamgeuza Bosi, akamsikiliza kifua.

"Mlikuwa mnaishi wapi?"

"Bondeni."

"Basi ndiyo hiyo. Dada, wewe mwili wako una jiko ndani. Baridi ikija, jiko linawaka. Nyoka hana jiko. Joto la mahali alipo ndilo joto lake. Asipopata la kutosha, hata chakula tumboni hakisagiki, kinaoza. Ndiyo maana amekataa kula. Ana akili kuliko unavyodhani."

"Lakini mkeka tumewasha!"

"Mkeka hauumbi joto, unaongeza tu juu ya lililopo. Bondeni chumba chenu kilikuwa na nyuzi ishirini na nane, mkeka ukaongeza tatu nne, akafika. Huku chumba kina ngapi?"

Nikafungua simu nimwonyeshe hali ya hewa ya mji.

Akacheka. "Hiyo ni ya mji. Nyoka haishi mjini, anaishi sebuleni kwako. Pima sebule."

Akanieleza kwamba upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi thelathini na moja hivi, upande wa pili pawe na ubaridi kidogo ili achague mwenyewe, na usiku joto lisishuke sana. Akanipa dawa ya kifua. Akaniambia nitafute mkeka mkubwa, na kipimajoto kile kinachokumbuka: kinakuonyesha joto la sasa, na pia baridi kali kuliko zote iliyopita tangu ulipokiseti.

Nikafanya yote. Mkeka mpana, unaoenea kitanda cha mtoto. Sanduku nikalifunika blanketi kuukuu. Jioni nikapima: thelathini na moja. Nikajipongeza, nikalala. Mimi nikisimama kutwa nikisuka, nikilala nimekufa.

Asubuhi nikapima: thelathini.

Nikabonyeza kile kitufe cha kumbukumbu.

Kumi na tatu.

Nikadhani kimeharibika. Nikaseti upya. Kesho yake, asubuhi thelathini, kumbukumbu kumi na mbili. Usiku kucha mtu anazima, asubuhi anawasha. Au mkeka unajizima wenyewe. Au mimi nimeanza kurukwa na akili.

Nikaurudisha mkeka dukani. Muuzaji akauwasha mbele yangu, ukawaka kutwa nzima bila tatizo. "Dada, mkeka huu mzima kuliko mimi."

Nikamtafuta mchawi, nikampata: baba mwenye nyumba.

Huyu mzee alikuwa ameshaonya siku alipouona mkeka. Alisimama katikati ya sebule, mama akiwa pale pale, akasema kwa sauti: "Nyaya za nyumba hii ni za zamani. Chombo cha kupasha joto ni hicho kimoja tu. Nikikuta cha pili, mnahama." Na swichi kubwa ya umeme iko nje, ukutani kwake. Nani mwingine?

Nikamfuata asubuhi na kanga ya kichwa haijakaa vizuri.

"Baba, kwa nini unatuzimia umeme usiku?"

"Mimi?"

"Nyoka anakufa kwa sababu yako!"

Mzee akanitazama kama niliyetoka kuzungumza lugha ya ndege. "Binti, mimi nizime umeme, friji yangu mwenyewe ilale? Nenda kaulize kwenu."

Nenda kaulize kwenu. Nikaona ananitukana. Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama mkwe akatoka mlangoni, akanishika mkono, akanirudisha ndani. Mkono wake ulikuwa baridi kama kijiko. Akakohoa.

"Mwache baba wa watu, mwanangu. Hana kosa."

"Unajuaje, mama?"

Akatazama chini. "Hana kosa tu."

Jioni hiyo mume wangu akapiga.

"Bosi ana joto ngapi?"

Nikamweleza habari za kumi na mbili. Akapandisha sauti.

"Yaani kazi ndogo hivyo inakushinda? Kuwasha mkeka tu?"

"Mkeka unawaka!"

"Basi nani anauzima? Sema tu humpendi Bosi, unataka afe nikae kimya."

Nikakata simu. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nilimkatia mume wangu simu.

Ndipo ikaja siku yenyewe.

Niko saluni, namsuka mteja, kichwa kimefika nusu. Dada mwenye saluni ananiuliza mbona nimevimba hivyo. Nami kwa uchungu nikafunguka: nyoka, mkeka, mume, kumi na mbili.

Mteja akageuka. "Nyoka gani?"

"Chatu. Mdogo tu."

"Unafuga chatu? Na mikono hiyo hiyo unanishika kichwa?"

"Nanawa, dada."

Akasimama. Kichwa upande mmoja kimesukwa, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona polisi. Akachukua mkoba, akatoka hivyo hivyo barabarani. Wawili waliokuwa kwenye foleni nao wakakumbuka wana shughuli.

Dada mwenye saluni akashusha pumzi. "Mwenzangu, nenda nyumbani leo. Chagua mwenyewe, nyoka au kiti changu."

Ndiyo maana nilifika nyumbani mchana. Ndiyo maana nilikuwa juu ya kochi nalia.

Nikajikusanya. Nikakumbuka mama yuko peke yake chumba cha nyuma, na chatu yuko huru ndani ya nyumba. Mama akimwona tu, moyo wake utasimama. Nikashuka, nikaenda mlangoni kwake, nikagonga taratibu.

"Mama. Usiogope. Kaa hapo hapo kitandani, usiweke mguu chini. Bosi ametoka."

Nikagonga tena.

"Mama?"

"Hajatoka, mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo, imekauka. "Yuko huku."

Nikasukuma mlango.

Chumba kile, Mungu wangu. Nilikuwa nakiingia kwa haraka, kuchukua nguo chafu na kutoka. Siku hiyo nikasimama ndani yake. Ukuta ulikuwa unatoa maji. Pumzi yangu niliiona.

Mama alikuwa amelala, amevaa kila nguo aliyonayo, na soksi za mwanawe mikononi. Chini ya shuka, kutoka mgongoni mwake, ulikuwa umepita waya mweusi hadi kwenye soketi.

Mkeka wa Bosi.

Na pembeni yake, juu ya mkeka huo huo, foronya imefungwa fundo. Kitu kizito kimejikunja ndani yake, kinapumua.

Nilikaa sakafuni.

"Nisamehe," mama akasema. "Nilikuwa nauchukua usiku, ukishalala. Alfajiri naurudisha. Nilidhani nyoka hajui baridi, nyoka anaishi shimoni. Halafu nikakusikia ukisema anakufa. Nikauacha usiku mmoja, nikashindwa. Kifua kinabana, mwanangu. Leo nimeshindwa hata mchana."

"Na Bosi kwenye foronya?"

"Nimemwibia vya kutosha. Nikaona nikiulalia peke yangu leo itakuwa dhambi. Basi nikafumba macho, nikamtia humo kama ulivyomtia siku ile ya daktari." Akakohoa muda mrefu. "Ni mzito. Nilidhani atakuwa anateleza. Hatelezi."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Baba mwenye nyumba alisema chombo ni kimoja, na hicho kimoja kina mwenyewe. Nyoka wenu anapimwa asubuhi na jioni. Mimi nikasema, mgeni hachagui."

Mgeni. Kwa mwanawe wa kumzaa.

Nikamgusa paji la uso, nikaondoa mkono. Lilikuwa linaunguza.

Akanishika kiganja. "Usimwambie mume wako. Atajisikia vibaya."

Nilitoka mbio kwa baba mwenye nyumba, yule yule niliyemtukana. Akawasha gari lake bovu bila kuuliza swali. Njiani alikuwa anatazama kwenye kioo, anasema tu, "Vumilia, mama. Vumilia."

Hospitali wakasema ni kichomi. Muuguzi akamweka kipimajoto kwapani, akakisoma, akaandaa dripu.

Simu yangu ikalia. Mume wangu. Nikatoka korido.

"Bosi ana joto ngapi?"

"Thelathini na tisa na nusu."

"Nini? Zima huo mkeka! Utamuua!"

"Si Bosi. Ni mama yako."

Kule mlimani kulikuwa na upepo, nilikuwa nausikia kwenye simu.

"Nimejua nani anauzima mkeka," nikaendelea. "Umeniita mzembe, umeniita mwuaji. Kila siku unapiga unauliza joto la sandukuni. Umewahi kuuliza la chumba cha nyuma? Mara moja tu? Mama yako amelala na soksi zako mikononi!"

Nikakata tena.

Alifika kesho yake mchana, nguo za kazi, mkanda wa kupandia mnara bado uko kiunoni. Akapiga magoti kando ya kitanda. Mama alipofumbua macho akamwambia, "Nyoka wako mzima. Nilimfunga vizuri."

Yule mwanamume wa kupanda minara, nilimwona anauma shuka la hospitali asilie kwa sauti.

Sisi wawili hatukupatana haraka. Nisikudanganye. Alinitaka radhi, nikamwambia nimesikia, lakini kusikia na kupoa ni vitu viwili. Na mimi nilikuwa na langu: nilikuwa nalala ukuta mmoja na yule mama.

Mama akatoka hospitali. Tukampa chumba chetu, chenye jua. Baba mwenye nyumba alileta mwenyewe hita yake, akaichomeka, akasema nyaya zikiungua na ziungue. Mume wangu akaahidi blanketi la umeme, zulia, mapazia mazito. Anaahidi kama mgombea.

Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimeshukuru. Sasa mimi naomba nirudi bondeni, kwa mdogo wangu."

"Mama, nitakupashia nyumba nzima!"

"Utapasha hadi lini? Umri huu, mwanangu, nataka nikae kibarazani bila soksi. Ulinileta kwa mapenzi, najua. Lakini hukuniuliza."



"Na jambo la pili," mama akasema, akanyoosha kidole kwenye sanduku. "Huyo naondoka naye."

Mimi nikadhani homa imerudi.

"Mama, wewe unamwogopa!"

"Namwogopa bado. Lakini tumelala kitanda kimoja, tumeugua ugonjwa mmoja. Huku si kwake, kama ambavyo si kwangu. Wewe mwanangu kama unampenda kweli, mpeleke penye joto. Usimwekee waya ukasema umempenda."

Mume wangu akambishia siku mbili. Alishindwa.

Wakashuka bondeni pamoja, mama kiti cha mbele, foronya mapajani.

Mwezi haukuisha, ukaja ujumbe wa sauti wa mama kwenye simu yangu. Nyuma yake nasikia feni inazunguka, na mdogo wake anapiga kelele kutoka chumba kingine kwamba hilo joka likimsogelea atahama nyumba.

"Mwanangu," mama anasema, na kifua chake ni safi kabisa, "Bosi amekula. Panya mzima. Na hakuna chombo chochote cha joto nilichowasha."

Nilimsikilizisha mume wangu. Akaurudia mara tatu, halafu akaenda kusimama uani peke yake.

Msomaji, kuna watu ambao ukiwauliza wako vipi watakujibu wako salama hadi siku ya kuzikwa. Usiwaulize mdomoni. Mmoja wao akiwa nyumbani kwako, ingia chumbani kwake leo, vua koti lako, ukae juu ya kitanda chake kitambo. Mwili wako utakuambia alichokuficha.